Mji Uliosahau Makaburi

Watu wa mji uliojengwa juu ya maji huzikwa wapi?

Swali hilo aliniuliza mhadhiri wetu wa usanifu majengo siku ya mapitio ya kati ya miradi yetu, akiwa ameinama juu ya modeli yangu, miwani ameisukuma hadi kwenye paji la uso. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kina cha maji, urefu wa nguzo, njia ya kuondoa taka na mahali pa kufungia mitumbwi wakati wa mafuriko, na majibu mengine niliyatoa hata kabla ya kuulizwa. Swali hili moja lilinikuta mikono mitupu. Wenzangu waliosimama nyuma wakacheka, si kwa ubaya, bali kama watu wanaojua kwamba nao wasingekuwa na la kusema.

“Una mahakama ya vyura,” mhadhiri akaendelea, akionyesha kwa ncha ya kalamu. “Una daraja lisilompitisha mtu asiyelisalimu. Una shule ya kufundishia watoto kupiga makasia. Sijaona pa kuzika. Au hawa wako hawafi?”

“Wanakufa, mwalimu,” nikasema. “Nadhani wanakufa.”

“Basi tafuta pa kuwaweka. Mji usiojua pa kuwalaza wafu wake bado ni kitu cha kuchezea.”

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila mwanafunzi wa darasa letu alipewa kwa kura ardhi isiyojengeka, abuni juu yake mji ambao haujawahi kuwepo popote. Mji ungeweza kuwa wa ajabu kiasi apendacho, ila ajabu hizo zisikiuke sheria za uzito na maji. Mmoja wetu alipata jabali, mwingine jangwa. Mimi nikaokota karatasi iliyoandikwa kinamasi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa mnyonge, nikaamini kwamba nimepewa tope na kuambiwa nilipende.

Aliyelipenda kabla yangu ni mdogo wangu. Tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo mdomo wake haukujua likizo. Alizaliwa na moyo wenye kasoro. Mwaka ule alikuwa ameacha shule kwa kukosa pumzi ya kupanda ngazi, na chumba chetu cha pamoja kilikuwa ndicho dunia yake: kitanda chake kando ya dirisha, changu ukutani, na katikati mlango wa zamani uliolazwa juu ya vigoda, ambao ndio ulikuwa meza yetu. Nilipomwambia kuhusu kinamasi alijiinua kwenye mito.

“Nani anaishi huko?” akauliza.

“Hakuna anayeishi huko, Chiriku. Ndiyo kwanza nataka kuchora.”

“Unachoraje nyumba ya mtu usiyemjua? Wewe ndiyo maana majengo yenu yanafanana na makabati. Ngoja kwanza nikutafutie watu.”

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi tangu siku hiyo hadi mwisho. Mimi nilichora na kukata, yeye alihamishia watu. Sikuruhusiwa kusimamisha nyumba, daraja wala choo kabla hajaniambia ni nani atakayekitumia, na kwa nini mtu huyo hawezi kukosa kitu hicho. Nilipotaka mnara kwa sababu tu mchoro ulihitaji kitu kirefu upande wa kushoto, alinigomea siku nzima mpaka akampata mwanamke mwenye wivu aliyehitaji kuona mtumbwi wa mumewe unaegeshwa wapi. Mnara ukajengwa. Mahakama ya vyura ilitokana na bibi mmoja aliyewashtaki vyura kwa kelele, nao wakashinda kesi kwa sababu walikuwa wakazi wa kwanza.

Vifaa tulipata nyumbani. Baba ni fundi wa friji, na alituletea kutoka karakana makatoni na ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa friji mpya, ambayo tuliichonga ikawa visiwa vinavyoelea. Mama hushona sare za shule sebuleni. Pini zake zikawa nguzo, uzi wake ukawa kamba za madaraja. Alilalamika kila siku kwamba tunamfilisi, na kila siku akaacha kikopo cha pini mahali ambapo mkono wa Chiriku ungekifikia.

Nasi sote tulihamishiwa mjini humo. Baba akawa mziba mitumbwi inayovuja, mwenye foleni ndefu na ahadi za uongo. Mama akawa mshona matanga ambaye hupimia watu mavazi kwa mazoea. Mimi nikapewa kazi ya kupima kina cha maji, mtu msomi asiyekauka. Chiriku alijipa kazi ya mpiga mbiu: kila asubuhi alizunguka mifereji yote kwa mtumbwi, akitangaza habari kwa sauti ambayo haikukatika hata mara moja. Alikata umbo lake kwenye karatasi nyekundu, akajisimamisha kwenye nyumba ya katikati, na kila jioni akajisogeza mahali pengine.

Siku ya mapitio alikuwa ananisubiri na roho juu.

“Walisema nini? Usirukeruke. Anza na sura zao.”

Nikamwambia yote. Kumficha Chiriku jambo ilikuwa kazi bure. Nilipofika kwenye swali la mhadhiri, alinitazama, akaitazama modeli, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Mama akaja mlangoni na mkasi mkononi.

“Mama, tumejenga kila kitu,” akasema akipangusa macho. “Vyura wana wakili. Makaburi tumesahau.”

Mama hakucheka. Alisema, “Pumzika sasa, umeongea mno,” akarudi kwenye cherehani, nasi tukasikia kwamba haikuanza kulia mara moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu, na nikaona kwamba lingeweza kufanywa na watu wa nyumba yetu tu. Kwa miaka tulikuwa tumejifunza kuzungumza tukilizunguka neno moja. Tulisema “akipata nguvu”, tulisema “mwakani”, tulisema “daktari ameridhika”. Baba alibadilisha stesheni ya redio kila yaliposomwa matangazo ya vifo, haraka kama mtu anayefukuza nzi. Watu waliozoea hivyo wakikaa kujenga mji, watakumbuka hata kengele ya kuwaamsha wavivu, na hawatakumbuka kaburi. Hatukuliepuka kwa makusudi. Halikutujia.

“Niachie mimi,” Chiriku akasema, Mama alipokwisha ondoka. “Sheria ni sheria. Makaburi nayo ni jengo. Lazima kwanza nimpate mtu wa kuyatumia.”

“Si lazima leo.”

“Muweke mhadhiri wako. Anajifanya anajua sana, aende akakague mwenyewe.”

“Chiriku.”

“Natania. Kwanza hata hakai mjini kwetu.”

Akaanza kuwapitia wakazi mmoja mmoja, na huu ndio ukawa mchezo wake wa wiki zilizofuata. Muuza makasia hakufaa, maana angekufa watu wangesafiri na nini. Bibi wa vyura hakufaa, kwa kuwa alikuwa amekata rufaa na alistahili kuona mwisho wake. Mwanamke wa mnara alimteua asubuhi na kumsamehe jioni, akisema mumewe asingejua hata sukari iko wapi. Kila mmoja alikuwa na jambo la kumalizia. Kadiri pumzi ilivyompungukia ndivyo visingizio vya wale watu vilivyozidi kuwa vizuri, na nikawa nasikiliza nikiwa nimeinamia gundi yangu ili asinione uso.

“Kumbe kazi hii ni ngumu,” akaniambia mara moja, amechoka, macho ameyafumba. “Wote nawapenda, dada. Ningejua ningetengeneza mmoja mbaya.”

Hakumpata. Alifariki asubuhi ya siku ya kawaida, Baba akiwa anamvalisha soksi kwa sababu miguu yake ilikuwa baridi. Baba alimalizia ile ya pili kabla ya kutuita.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Tulipofika makaburini tukakuta wachimbaji wanateka maji kwa ndoo kutoka katika shimo lake. Mmoja alikuwa ndani, mwingine juu. Walipokezana ndoo, wakijitahidi kumaliza kabla hatujakaribia, na hawakuwahi. Maji yaliingia upya kutoka pembeni, mekundu kwa udongo. Mama aliyaona. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayemweleza muuza duka kosa dogo, “Hapana, hapo pamelowa. Chiriku hawezi baridi.” Shangazi akamshika mkono. Tukasubiri ndoo zikiendelea. Mwishowe wakatandaza mbao chini, tukamteremsha, na mimi, ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa nikisoma tabia za maji katika udongo laini, nilijua kabisa yatakayotokea chini ya zile mbao. Elimu haikuwahi kuniumiza hivyo.

Waombolezaji walipokwisha ondoka, nyumba ikarudi katika usemi wake wa zamani. Mama alisema “Chiriku hapendi pazia lifungwe” na pazia likabaki wazi. Baba aliendelea kuleta plastiki nyeupe kutoka karakana, akaipanga uvunguni mwa kitanda kisicho na mtu. Nilipoinua mkono kurekebisha daraja lililolegea, Mama alinikataza kwa upole.

“Usiguse. Mwenzio hajasema bado.”

Mhadhiri aliniita ofisini kwake. Alikuwa na haya, kama mtu aliyegundua kwamba alikanyaga kitu gizani. Akaniambia ningeweza kuahirisha mradi hadi mwaka ujao, na kwamba lile swali nilichukulie kuwa halikuulizwa.

“Liliulizwa, mwalimu,” nikamjibu. “Na lilikuwa swali sahihi.”

Sikuwa najikaza. Nimechagua usanifu kwa sababu naamini kwamba nyumba mbaya ni uongo anaoambiwa mtu kila siku, na kwamba kazi yetu ni kutowadanganya watu kuhusu mahali wanapoishi. Niliamini hivyo nikiwa na furaha. Nilitaka kuona kama imani hiyo inabaki mtu akiwa hana furaha.

Kwa hiyo nikatafuta. Nilikaa maktaba, nikapima, nikakosea. Kuzamisha wafu majini niliona ni kuwapa samaki maiti na watoto maji ya kunywa katika mfereji ule ule. Kuwapeleka nchi kavu, mbali, ni kuwahamisha mji katika siku ambayo hawawezi kukataa. Kuchimba, nilikwisha ona mwenyewe. Jibu lilitoka kwenye kazi ambayo mji wetu tayari ulikuwa ukiifanya. Mifereji ya kinamasi huziba isipozolewa tope. Tope hilo likitandazwa juu ya mikeka minene ya matete, likaachwa likauke, likafunikwa kwa mikeka mingine na tope jingine, huinuka likawa ardhi. Kila nyumba ingezoa tope la mbele ya mlango wake wakati wa kiangazi na kulipeleka mahali pamoja. Walio hai wangepata njia wazi za mitumbwi, na wafu wangepata kisiwa, ardhi pekee kavu katika mji mzima.

Lakini tope ni zito. Ukilimwaga lote kwa pamoja mikeka haibebi, kisiwa kinazama na kilichomo. Lazima liwekwe tabaka jembamba, lingojewe msimu, kisha tabaka jingine, mwaka hadi mwaka. Niliirudia hesabu hiyo mara nyingi nikitarajia kwamba nimekosea. Sikuwa nimekosea. Mtu anayetaka kumlaza mpendwa wake pakavu katika mji ule hana budi kuanza kubeba tope wakati watu wote wangali hai, na wakati huo akijua analibebea nini. Mji usiotaja neno ungechelewa. Ungeteka maji kwa ndoo.

Niliweka penseli chini nikalia pale pale mezani, na mtunza maktaba akanisogezea kiti chake bila kuniuliza.

Nilikijenga kisiwa kwa tabaka za katoni na nyuzi za gunia, nikakileta nyumbani Jumapili mchana. Baba alikuwa kitandani mwa Chiriku, amekaa ukingoni, akisoma gazeti ambalo hakulifungua. Mama alinifuata kutoka sebuleni akiwa na utepe wa kupimia shingoni.

“Hicho nini?” akauliza.

“Ni makaburi, Mama.”

Nilidhani ataondoka. Alisimama. Nikawaeleza kila kitu: mikeka, tope, misimu. Baba alisikiliza kama anavyosikiliza injini, kichwa kimeinama upande mmoja.

“Hakitazama?” akauliza.

“Hakitazama. Watu walianza zamani.”

“Na maji hayapandi kutoka chini?”

“Hayapandi, Baba. Nimehesabu.”

Akatikisa kichwa taratibu, na niliona kwamba alikuwa akifikiria shimo lingine. Nikakiweka kisiwa mezani, upande wa mashariki wa mifereji, mahali nilipokuwa nimeacha wazi bila kujua sababu. Kilikaa sawasawa. Hakuna aliyenikataza.

“Sasa sheria yake,” nikasema. “Hakuna jengo bila mtu. Lazima tuseme wa kwanza ni nani.”

Baba akaweka gazeti kando.

“Niweke mimi.”

“Wewe?” Mama akasema.

“Si alinipa kazi ya kuziba mitumbwi? Basi, nimezama nayo. Hakuna atakayeshangaa. Mteja wangu mmoja atafurahi.”

“Mitumbwi ya watu wote inavuja na wewe unataka kwenda kulala,” Mama akasema. “Foleni hiyo umwachie nani? Niweke mimi. Matanga wanaweza kujishonea.”

“Mwanamke, wewe hata sindano hujawahi kumwachia mtu.”

“Nitaiacha.”

“Mimi ndiye mkubwa. Nimekuzidi umri, nimekuzidi magonjwa. Kuna utaratibu.”

“Utaratibu upi?” Mama akasema. “Nionyeshe huo utaratibu uko wapi, baba watoto. Nionyeshe nani ameufuata.”

Walikuwa wanatazamana juu ya mji ule, wazee wangu wawili, wakigombea nafasi kwenye kisiwa cha katoni, na ubishi wao ulikuwa na sauti ile ile ya ubishi wa nani alisahau kufunga dirisha. Ilinichukua muda kutambua kwamba hawakuwa wanatania. Wangekubali. Kama kungekuwa na mtu mwenye mamlaka ya kupokea badilishano lile, wangekwenda wote wawili mchana ule, Mama na utepe wake shingoni, na wangesukumana mlangoni.

“Andika mimi, mwanangu,” Mama akaniambia, sasa kwa kunong’ona. “Kwako ni karatasi tu. Mimi nitalala vizuri. Mwache mdogo wako aendelee kuzunguka na habari zake. Anamsumbua nani?”

Nikakiangalia kile kijikaratasi chekundu. Kilikuwa kimesimama mlangoni mwa shule ya makasia, pale alipokiacha mara ya mwisho, na vumbi jembamba lilikuwa limeanza kukikalia begani. Ningeweza kukubali. Mradi ungepita, jopo la wahadhiri lingekisifu kisiwa, na nyumbani tungeendelea kuacha pazia wazi kwa ajili ya mtu asiyependa lifungwe. Lakini tungekuwa tumejenga makaburi na kuyasahau tena, safari hii kwa kusudi. Nilitamani kumpa Mama hicho anachokiomba kuliko nilivyowahi kutamani jambo lolote.

“Hapana,” nikasema. “Baba, si wewe. Mama, si wewe. Wa kwanza kuzikwa katika kisiwa hiki ni Chiriku, kwa sababu yeye ndiye aliyekufa. Siku ya kuwasilisha nitasimama mbele ya jopo niseme hivyo: kwamba mji huu tuliujenga wawili, kwamba mwenzangu alikuwa mdogo wangu, na kwamba amekufa. Mkitaka kuja kunisikiliza, njooni. Msipoweza, nitaelewa. Lakini sitamweka mtu mwingine mahali pake.”